Gego Langu na Sanduku la Moza

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imeanza kwa hasira. Moza kaondoka jana.

Naandika humu kwa sababu kila jioni nilikuwa na mtu wa kumsimulia siku yangu, naye akipeta mchele na kusema, "Uongo huo, endelea." Jana jioni nilimsimulia kuku. Akalala kabla sijafika pazuri.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikaa kibandani kwa Benadetha, pale stendi ya Nangurukuru, mabasi ya kusini yamechelewa, watu wanataka maneno. Nikawapa. Nikasema Moza wangu alinifuata mwenyewe kwa miguu kutoka milima ya Kipatimu, sanduku la chuma kichwani, chui wawili wakimsindikiza, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili asipotee njia. Watu walicheka mpaka maandazi yakawatoka mdomoni. Hadithi hiyo ilifika nyumbani kabla yangu.

Ukweli, kwa kuwa karatasi haina mdomo: mimi ndiye niliyekwenda kwao. Mara tatu. Mara ya tatu kaka zake wakanipalilisha shamba zima la mpunga, viganja vikachubuka, ndipo wakaniambia niketi. Lakini hadithi ya kupalilia nani ataisikiliza?

Moza hakugomba. Alisema tu, "Kumbe nilikuja kwa miguu yangu? Basi nitarudi kwa miguu yangu. Na mama anaumwa, sababu ninayo. Mara hii tuone nani anamfuata nani." Akachukua kikapu na mwamvuli.

Sanduku ameliacha.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Dele la kahawa silioni. Nimetafuta mpaka bandani kwa kuku.

Ijumaa, 27 Machi

Dele limeibwa. Nina hakika. Ni dele la shaba la marehemu baba yangu, la Kivinje, mdomo mrefu kama wa korongo, na hakuna chombo kijuacho kahawa kama lile. Nimemwambia dada yangu Sada, nyumba ya pili, kwamba ni genge la watu kutoka Dar, wenye gari lenye vioo vyeusi.

"Genge la Dar lije Nangurukuru kuiba dele, kaka?" akasema. "Waache na simu yako?"

"Wanajua thamani ya shaba."

"Wewe ndiye mnunuzi wa chuma chakavu. Ungekuwa mwizi ungeliuza kwa nani?"

Mwanamke yule ana akili ya kukera.

Jumapili, 29 Machi

Leo niandike jambo linalonikosesha usingizi.

Kwa wazee wetu, mke akitoka moja kwa moja, huzivua bangili za ndoa akaziacha nyumbani mwa mume. Akitoka nazo mkononi, bado ni mke, amekwenda kutembea tu. Za Moza ni mbili, za fedha, alizifua sonara wa Lindi kwa mkono wake. Nimezitafuta chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya kopo la sukari. Hazipo.

Kwa hiyo ama amezivaa, ama ziko ndani ya sanduku.

Na mimi, Tawakali Upunda, mtu wa kuona kila kitu, siku ile sikumtazama mikono! Alikuwa amejitanda khanga kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya natazama mawingu.

Sanduku nalo mume halifungui. Hilo wanalijua hata watoto. Mwanamume akifungua sanduku la mkewe, mkewe ana haki ya kumwita mwizi mbele ya wazee na ndoa ikaishia hapo. Kufuli linaning'inia, ufunguo anao mwenyewe shingoni.

Lakini mimi nina gego.

Ijumaa, 3 Aprili

Asiyenijua na aambiwe. Gego langu la chini, upande wa kushoto, linasikia chuma. Mwaka ule pale Kivinje nilikuwa napita pwani, likaanza kuwasha. Nikawaambia vijana, chimbeni. Wakachimba, wakakuta mzinga wa Mreno, umelala na risasi yake tumboni. Siku nyingine nilimnunua samaki changu sokoni Masoko, gego likanichoma, nikampasua: ndoana tatu na kengele ya baiskeli. Moza alikuwa akisema, "Gego lako linajua nyama tu." Lakini alikuwa akinipa vyuma vilivyochanganywa nivitenge gizani, shaba huku, bati kule, na nilivitenga. Vingi.

Leo nimefunga mlango, nikaweka shavu juu ya sanduku. Baridi. Gego limewasha sana. Nikafurahi, halafu nikakumbuka sanduku lenyewe ni chuma.

Jumapili, 5 Aprili

Nimechukua sumaku yangu ya kazini, ile niliyoitoa kwenye spika bovu, nikaifunga uzi nikaishusha juu ya sanduku. Ikaruka ikanata. Nimeibandua kwa shida. Nimejaribu ubavuni, ikanata. Mgongoni, ikanata. Na fedha hainati sumaku hata kidogo, hilo ndilo somo la kwanza la biashara yangu. Nilichokuwa nafanya sikijui.

Nimegonga kwa kifundo cha kidole. Sada alikuwa dirishani, kumbe.

"Debe tupu huvuma, kaka. Hilo la wifi halivumi. Limejaa."

"Limejaa nini?"

"Khanga. Kama la kila mtu."

Nimelitikisa kidogo. Zimebanwa, hakuna kinachosogea.

Alhamisi, 9 Aprili

Barabara ya Kipatimu imekatika, lori limezama Njia Nne.

Jumapili, 12 Aprili

Nimempigia. Mara zote simu haipatikani, leo ikaita.

"Mama hajambo?" nikauliza.

"Anaamka sasa. Anakunywa uji."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake mdomo ukatoka na mambo yake: nikamwambia mvua ya huku ni kubwa hivi kwamba mamba amepanda basi la Lindi na amelipa nauli ya mkubwa.

Nilisikia jogoo wa kwao akiwika nyuma yake.

"Chaji inaisha," akasema.

Zamani angesema, uongo huo, endelea.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo kumekucha kazi.

Kuna kijana wa milimani, Nikodemo, fundi wa redio na simu. Ana mashine ya kutafutia madini ardhini. Watu wanaoamini Mjerumani alifukia rupia zake humu Kikole na vichakani humwita awapimie. Rupia hajapata, ila majembe ya kutosha kufungua duka. Alipita kuniuzia mabaki ya nyaya, nikamwita ndani.

"Shikamoo, Mjomba." Stendi nzima inaniita hivyo.

"Marahaba. Pima sanduku hili uniambie ndani mna bangili au hamna."

Alicheka, akaona sicheki. Akawasha mashine. Kabla haijafika juu ya sanduku ikapiga yowe. Akaisogeza huku, yowe. Kule, yowe. Kuku wakatoka mbio. Mimi nikakaa chini. Nilijiona nimeachika.

"Ngoja, Mjomba. Hii inalilia sanduku. Haijafika ndani."

"Basi iambie ipite."

"Haiwezi. Ni kama unatafuta mtu anayenong'ona, na mbele yake amekaa mwenye kupiga kelele. Utamsikia huyu huyu wa mbele tu."

Sijui kwa nini aliposema hivyo Sada, aliyekuja kuangalia yowe, alinitazama mimi.

Nikamuuliza kama hakuna njia. Akafikiri, akaniuliza, "Ngoma ikichezwa kwenu Kivinje, ukiwa mbali ndani ya nyumba, unasikia ngoma ipi?"

"Ile kubwa. Ile ndogo kali huisikii mpaka usogee."

"Ndiyo hivyo. Sauti kali inaishia ukutani. Nzito, ya polepole, ndiyo inayopenya. Na chuma pia hivyo hivyo. Nitafunga koili, duara la nyaya, kubwa kama ungo, niipe mpigo wa taratibu. Lakini inataka subira, na inataka sanduku la pili kama hili, tupu, tujue kelele ya chuma peke yake ni ipi. Kitakachozidi hapo ndicho kilichomo."

Nilimwambia hata mimi ndivyo nilivyokuwa nafikiria.

Jumatano, 22 Aprili

Nimenunua redieta chakavu ya lori, shaba tupu. Mvua.

Ijumaa, 1 Mei

Nimepika ugali wa mtu mmoja, ukatosha wawili. Mkono umezoea.

Jumanne, 5 Mei

Mahali alipokuwa akikaa kupeta mchele pameota majani. Sikuyang'oa. Sada akauliza kwa nini, nikasema ni dawa ya gego.

Jumamosi, 9 Mei

Nikodemo kaja na koili yake. Kweli kama ungo, nyaya zimezungushwa juu ya mti wa mwanzi.

Sanduku la pili ni la Sada. Yeye na Moza walinunua siku moja, Masoko, fundi mmoja, maua yale yale ya rangi mbavuni. Kumfanya atoe vitu vyake ilikuwa vita. Alitoa khanga moja moja akaziweka juu ya mkeka, na kila khanga akanitajia nani alimpa, na kwamba hakuna hata moja niliyompa mimi. Mwisho likabaki tupu.

Nikodemo akaliweka sanduku la Sada uani, akawasha. Mashine hii haipigi yowe. Inatoa mlio wa chini, dum, inanyamaza, dum, unaukuta zaidi kifuani kuliko sikioni. Akatuambia tusiseme kitu. Mimi! Asubuhi nzima sikusema kitu. Sada anasema hajawahi kuona jambo kama hilo tangu mama anizae.

Akasogeza koili kona hadi kona, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto nguo. Halafu tukaliweka la Moza pale pale, miguu kwenye alama zile zile. Akaanza upya.

Kona ya kwanza, sawasawa na la Sada. Ya pili, sawasawa. Katikati, sawasawa. Nikaanza kuomba dua. Moyoni nikasema, ziko mkononi mwake, ziko mkononi mwake.

Kona ya kushoto ya chini, mlio ukabadilika. Kidogo tu, kama mtu aliyekuwa anaongea akameza mate.

Nikodemo akarudia. Akarudi kwenye la Sada, kona ile ile. Akarudi kwa Moza.

"Kuna kitu," akasema. "Si chuma cha sanduku. Kitu cha shaba, au fedha, au jamii hiyo."

"Bangili," nikasema.

"Mjomba, mashine haijui jina. Inajua kipo, basi."

"Fedha umesema."

"Nimesema shaba, au fedha, au..."

Sikumsikiliza tena. Nilimpa ile redieta yote iwe malipo yake. Sada akakusanya khanga zake. Alipofika mlangoni akasema, "Kaka, kula kitu." Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Jumapili, 10 Mei

Mvua.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua.

Alhamisi, 14 Mei

Benadetha aliniita, "Mjomba, njoo tupe ile ya chui." Nikasema naumwa jino.

Jumatano, 20 Mei

Shemeji Shaaban, kaka yake mkubwa Moza, amepiga simu.

"Shemeji Tawakali, barabara inakauka. Mpunga unakomaa huku. Ukivunwa nakuja na pikipiki kuchukua sanduku la dada."

"Moza ndiye kasema?"

"Moza hasemi. Ila kwetu mume asipomfuata mkewe mpaka mpunga unavunwa, sanduku hurudi. Hujui?"

Sikujua! Sisi wa pwani tunasema sanduku likibaki, mke atarudi, wewe keti ungoje. Wao wa mlimani wanasema sanduku likibaki, mume aje. Kwa hiyo mvua zote hizi mimi nimekaa huku nangoja na yeye amekaa kule anangoja, kila mtu kwa ada yake, na barabara katikati imejaa tope.

Au hangoji. Bangili zimo kona ya kushoto.

Jumatano, 27 Mei

Idd ya kuchinja. Sada kaniletea pilau na nyama. Mwaka jana Moza alinipigia kanzu pasi, akaniunguzia kola makusudi kwa sababu nilikuwa simwachi aongee. Nimeivaa hiyo hiyo leo. Alama ipo. Nimeishika shika msikitini kama mtu anayewashwa.

Baada ya kula nimeliangalia sanduku muda mrefu. Sasa najua kilichomo, nikasema. Kama amezivua bangili, basi na anivulie usoni. Nitakwenda. Si kwa kudai kitu. Nataka tu nimwone anavyopeta.

Jumamosi, 30 Mei

Kipatimu. Naandikia barazani kwa wakwe zangu.

Bodaboda ilinifikisha nusu ya kilima, tope likaishinda, nikashuka. Nilitembea. Sitasema umbali, maana nitaongeza. Viatu nimevishika mkononi, kanzu nimeikunja kiunoni. Wanawake wanaotoka kuchuma machungwa walinisalimu na kucheka.

Shaaban alikuwa uani ananoa panga.

"Karibu, shemeji. Chui wako umewaacha wapi?"

Kumbe imefika mpaka huku.

Nilikuwa na jibu. Wallahi nilikuwa na jibu zuri, lenye chui mmoja kuvunjika mguu. Nikalimeza.

"Nimekuja peke yangu," nikasema. "Nimemfuata Moza."

Nilisema kwa sauti ndogo, sikuikusudia, ndiyo iliyopatikana. Shaaban akaweka panga chini. Mama mkwe alikuwa kitandani dirishani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamwita Moza bila hata kugeuza kichwa, kama mtu aliyeona basi limewasili kwa saa yake.

Moza akatoka jikoni. Amekonda kidogo. Khanga kajifunga mpaka mikononi, kuna baridi huku. Akaleta maji ya kunawa, akainama kunimiminia, na mkono ukatoka kwenye khanga.

Bangili. Mbili. Zikateleza mpaka kwenye kifundo zikagongana, mlio ule ule.

Maji yakajaa viganjani yakamwagika yote, mimi sijanawa.

"Nawa basi," akasema.

"Sasa kule ndani mna nini?"

Akasimama. "Umefungua sanduku langu?"

"Sijafungua. Kufuli liko ulivyoliacha, muulize Sada."

"Umejuaje mna kitu?"

"Nimekisikia. Kona ya kushoto, chini. Si chuma."

Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi. Nilidhani atasema uongo huo. Hakusema. Akaketi kwenye kigoda, bakuli la maji magotini, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Dele lako, Tawakali. Nilijua huwezi kumaliza wiki bila dele. Nikasema, atakosa kahawa, atakuja kuniuliza liko wapi. Wiki ikapita. Nikasema, mvua. Ikapita nyingine. Nikasema, kanunua jingine."

"Sikununua."

"Ukanywa nini?"

"Maji ya moto."

"Miezi yote hii?"

"Na majani ya mchaichai. Nilisema limeibwa na watu wa Dar."

"Wenye gari la vioo vyeusi," akakisia Moza; uongo wangu anaujua kabla sijautoa.

Jumatatu, 1 Juni

Leo nimevuna mpunga na Shaaban na wenzake. Viganja vimechubuka pale pale pa zamani. Jioni nilimsimulia Moza habari ya koili na ngoma, na sanduku la Sada, na Nikodemo. Nilisema taratibu, sikuongeza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapeta.

"Mbona hiyo ni ya kweli?" akasema.

Nikamwambia ndiyo ya kwanza, haijazoea.

Lakini haji nami. Mama bado anashikwa mkono kwenda uani. "Akitembea mwenyewe nitakuja. Usiniulize lini." Halafu akavua uzi shingoni, akanipa ufunguo. "Nenda katoe dele lako. Na pale kwa Benadetha uliponitembeza na chui, unajua la kusema."

Jumatano, 3 Juni

Nimesema. Kibanda kimejaa, basi la Mtwara limesimama. Nikawaambia: mimi ndiye niliyemfuata, mara tatu, nikapalilia, na mara ya nne ni juzijuzi, kwa miguu kwenye tope. Halafu dereva mmoja akapiga meza.

"Mjomba, hapo sasa umezidisha! Wewe, upalilie?"

Wakacheka kuliko siku ya chui. Nikawaonyesha viganja. Wakasema nimejichubua kwa makusudi ili hadithi inoge. Benadetha peke yake hakucheka. Aliniongezea andazi.

Jumapili, 7 Juni

Jua. Nimefagia uani, majani ya pale pake nimeyang'oa.

Ufunguo uko mezani tangu Jumatano. Asubuhi niliushika, nikapiga magoti mbele ya sanduku, nikautia kwenye kufuli. Ukaingia vizuri. Nikauchomoa.

Ruhusa ninayo, najua. Lakini nikilitoa dele nitapika, nikipika nitakunywa, nikinywa nitatoka kwenda barazani kuwapa watu maneno. Nimegonga kwa kifundo, kona ya kushoto, polepole. Gego halikuwasha. Nilisikia tu, au nilijua, ni mamoja.

Na likae humo na khanga zake. Dele halijaonja moto tangu Machi, na mimi pia. Tutamngoja wote.